Nyumba Iliyorithi Sinagogi: Familia na Utambulisho wa Kiyahudi katika Riwaya za Marekani

Kati ya mwaka 1881, Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi alipouawa na mashambulizi dhidi ya Wayahudi yakasambaa katika miji ya kusini ya dola yake, na mwaka 1924, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria iliyofunga karibu kabisa mlango wa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, takriban Wayahudi milioni 2 walivuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani. Wengi wao walishukia New York, wakajazana katika nyumba za kupanga za mtaa wa Lower East Side, wakaingia katika karakana za kushona nguo, na ndani ya kizazi kimoja wakajikuta katika hali ambayo babu zao hawakuwahi kuijua, kwani hapakuwa tena na mtu wala kitu cha kuwalazimisha kuwa Wayahudi. Katika vijiji walikotoka, Uyahudi ulishikiliwa na kila kilichomzunguka mtu: sinagogi, rabi, soko lililofungwa siku ya Sabato, lugha ya Kiyidishi, na hata uadui wa majirani Wakristo. Mihimili hiyo ililegea mmoja baada ya mwingine, na uliobaki kubeba mzigo wote ulikuwa familia. Hii ndiyo sababu waandishi wa Kiyahudi wa Marekani, walipotaka kuuliza maana ya kuwa Myahudi katika nchi mpya, hawakuandika sana juu ya Mungu wala juu ya sheria, bali juu ya baba na binti, mume na mke, mama na mwana, na mara nyingi waliandika juu ya ugomvi wao.

Ili jambo hilo lieleweke, inafaa kukumbuka kwamba Uyahudi ni dini na wakati huohuo ni nasaba. Kwa mujibu wa sheria ya dini hiyo kama ilivyofafanuliwa na marabi kwa karne nyingi, Myahudi ni mtu aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka kwa kufuata taratibu zilizowekwa, na kwa hiyo mtu asiyeamini lolote na asiyekanyaga sinagogi mwaka mzima hubaki kuwa Myahudi maadamu mama yake ni Myahudi. Wasomaji wanaotoka katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama vile Waluguru na Wamakonde, wataielewa kanuni hii bila taabu, ingawa kwa Wayahudi mambo mengine, kama vile ukuhani, hupita kwa baba. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya ibada hufanyika nyumbani: mama huwasha mishumaa ya Sabato Ijumaa jioni kabla ya jua kuzama, na mtoto mdogo kuliko wote huuliza maswali katika karamu ya Pasaka inayoongozwa na baba. Mzazi anapofariki, mtoto wake wa kiume hutarajiwa kuisoma kwa muda wa miezi 11 sala ya kumsifu Mungu iitwayo kadishi. Katika dini ya namna hii malezi na imani ni kitu kimoja, na mtoto anayemwasi baba yake huligusa, hata bila kukusudia, agano lote ambalo baba huyo analiwakilisha.

Abraham Cahan, aliyezaliwa karibu na Vilna mwaka 1860 na kuwasili Marekani mwaka 1882, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulionyesha jambo hili kwa wasomaji wa Kiingereza. Riwaya yake fupi iitwayo Yekl, iliyotoka mwaka 1896, inamhusu mfanyakazi wa cherehani aliyemwacha mke na mtoto Urusi, akajiita Jake, akanyoa ndevu, akawa mtu wa kumbi za dansi. Siku mkewe Gitl anapowasili ni Jumamosi, yaani Sabato yenyewe, na Jake anasimama katika ofisi ya uhamiaji ya kisiwa cha Ellis akiwa na telegramu mkononi. Gitl anatokea amevaa wigi kubwa jeusi, kwa kuwa mwanamke mcha Mungu aliyeolewa hufunika nywele zake, na kwa kumtazama tu Jake anaona kila alichojitahidi kukificha kimemfuata hadi Amerika. Gitl hana kosa. Aibu yote ni ya mumewe, na Cahan, ambaye angeweza kumfanya mwanamke huyu kichekesho cha mshamba, anamsogeza msomaji upande wake ukurasa baada ya ukurasa. Hatimaye Jake anampa talaka mbele ya rabi kwa kutumia akiba ya mwanamke mwingine, na anakwenda kwenye ndoa mpya moyo ukiwa mzito, huku Gitl akijiandaa kuolewa na mpangaji wao msomi na kufungua duka.

Cahan hakuyaokota mambo haya hewani. Gazeti la Kiyidishi la Forverts, lililoanzishwa mwaka 1897 na ambalo yeye alilihariri kwa miongo kadhaa, lilianza mwaka 1906 kuchapisha safu ya barua za wasomaji iliyoitwa Bintel Brief, ambamo watu walimwaga siri za ndoa na malezi, na lilichapisha pia picha za waume waliotoroka familia zao. Waume hao walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1911 ilianzishwa ofisi maalumu ya kuwasaka. Kwa mke aliyeachwa, shida ilizidi njaa na kodi ya nyumba, kwa sababu mwanamke ambaye mumewe ametoweka bila kumpa hati ya talaka ya kidini haruhusiwi kuolewa tena, naye huitwa aguna, yaani aliyefungwa. Mtu anayezisoma riwaya za kipindi hiki bila kulijua jambo hili atadhani waandishi walikuwa wakitia chumvi, kumbe walikuwa wakiandika yaliyokuwa yakiwafikia mezani kila wiki.

Aliyeipeleka familia katikati ya uwanja kwa ujasiri kuliko wote wa kizazi hicho alikuwa mwanamke, Anzia Yezierska, mzaliwa wa sehemu ya Poland iliyokuwa chini ya Urusi. Riwaya yake Bread Givers, yaani Watafuta Riziki, iliyotoka mwaka 1925, inasimuliwa na Sara Smolinsky, binti mdogo wa Reb Smolinsky, mwanazuoni ambaye kutwa kucha husoma Torati na hapati hata senti moja. Katika nyumba yao ya mtaa wa Hester, sebule ya mbele, ambayo ingeweza kupangishwa ili kupunguza kodi, imetengwa kwa ajili ya vitabu vya baba. Jikoni, mama huengua mafuta yote yanayoelea juu ya supu na kuyatia katika bakuli la baba, na mabinti hubaki na maji. Mabinti hao ndio wanaofanya kazi na kuleta mshahara. Kwa mtazamo wa kijiji walichotoka, mpango huu ulikuwa na mantiki yake, kwa sababu mwanamume aliyesoma Torati aliichumia familia nzima thawabu, na mke aliyemlisha alishiriki katika thawabu hiyo. New York iliuvunja mpango huo pasipo kumwambia baba, ambaye anaendelea kudai heshima ya mwanazuoni katika mji unaompima mtu kwa kodi anayolipa.

Yezierska anaeleza kwa hasira jinsi baba anavyowaoza mabinti wakubwa. Bessie, ambaye mshahara wake ndio nguzo ya nyumba, anaozwa kwa mchuuzi wa samaki mwenye watoto wa mke wa kwanza. Mashah anapewa mtu anayejifanya mfanyabiashara wa almasi, na inabainika kwamba almasi hazikuwa zake. Sara anatoroka, anapiga pasi kwa dobi mchana na kusoma usiku. Siku moja katika mgahawa anatazama mpakuaji akimpa nyama kidogo na kumjazia mwanamume aliye nyuma yake, na anapolalamika anapata jibu kwamba wanaume hupewa zaidi. Yeyote aliyesoma ukurasa wa supu hawezi kuupita ukurasa huu bila kushtuka: Sara alimkimbia baba, na Amerika ikampakulia kwa kijiko kilekile. Ni mojawapo ya hukumu kali zaidi zilizowahi kutolewa dhidi ya nchi iliyojitangaza kuwa ya usawa, na imetolewa kwa sahani moja ya nyama.

Hata hivyo, ukuu wa riwaya hii haumo katika hasira pekee. Mama anapofariki, watoto wanakatwa nguo zao kwa kisu mbele ya jeneza, kama desturi ya msiba inavyotaka, na Sara, ambaye sasa ni mwalimu, anakataa kwa kuwa suti aliyovaa ndiyo pekee aliyonayo ya kwendea kazini. Majirani wanamwona kuwa hana moyo, ilhali ndiye aliyelia kuliko wote moyoni. Baadaye anamkuta baba yake, aliyeoa tena na kuteseka mikononi mwa mke mpya, akiuza pipi za kutafuna barabarani, na mwishowe yeye na mchumba wake wanaamua kumkaribisha nyumbani kwao. Wapo wahakiki waliouona mwisho huu kuwa ni kusalimu amri. Maoni hayo hayaitendei haki riwaya, kwa sababu Sara haombi radhi wala harudi jikoni. Anachokubali ni kwamba ukaidi uliomfikisha chuoni aliurithi kwa baba yuleyule aliyempinga. Kitabu kilisahaulika kwa miongo mingi, kikachapishwa upya mwaka 1975, miaka 5 baada ya mwandishi wake kufariki, na tangu hapo kimekuwa kikifundishwa vyuoni.

Kusahaulika na kufufuka kulikuwa pia bahati ya Henry Roth, ambaye riwaya yake Call It Sleep ya mwaka 1934 ilipata wasomaji wengi baada tu ya kuchapishwa tena kwa bei nafuu mwaka 1964. Humo mtoto David Schearl anaishi kati ya mama anayempenda kupita kiasi na baba, Albert, anayeshuku kwamba mtoto huyu si damu yake. Roth aliamua kuyaandika mazungumzo ya nyumbani, ambayo wahusika huyasema kwa Kiyidishi, katika Kiingereza fasaha na chenye staha, na mazungumzo ya mtaani katika Kiingereza kilichovunjika, hivi kwamba watu walewale wanaoonekana wenye hadhi mbele ya meza yao wanageuka kuwa viwete wa ulimi mara wanapofungua mlango. Hakuna riwaya nyingine ya uhamiaji inayoonyesha kwa ukamilifu namna hii kwa nini nyumba ilikuwa kila kitu, na kwa nini ilipogeuka kuwa mahali pa hofu mtoto hakuwa na pa kukimbilia. David anakimbilia kwenye reli ya tramu yenye umeme, nusura afe, na hofu ya kumpoteza ndiyo inayomlainisha baba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watoto wa wahamiaji walipohamia vitongoji vyenye bustani na kuanza kuoana na wasio Wayahudi, swali lilibadilika. Hapo awali mtoto aliuliza atatokaje. Sasa ilimbidi aulize alikotoka ni wapi hasa, na je, kunaweza kurithiwa na asiyezaliwa humo. Bernard Malamud, mtoto wa muuza duka wa Brooklyn, alilijibu swali hili kwa namna isiyotarajiwa katika riwaya The Assistant ya mwaka 1957. Morris Bober ana duka dogo la vyakula linalokufa polepole. Frank Alpine, kijana wa asili ya Kiitaliano, anashiriki kumwibia, kisha kwa majuto anarudi kumfanyia kazi kwa ujira mdogo. Morris hana mwana aliye hai, na binti yake Helen anataka maisha mengine. Anapokufa Morris, Frank ndiye anayeamka alfajiri kufungua duka, na katika sentensi za mwisho anatahiriwa na kuwa Myahudi. Malamud anathubutu kusema hapa kwamba uana hupatikana kwa kubeba mzigo wa baba, hata kama damu ni nyingine.

Mwandishi huyohuyo aliijua pia familia inayofunga mlango. Katika hadithi fupi The Magic Barrel, Leo Finkle, mwanafunzi anayekaribia kuwa rabi, anamwita mshenga aitwaye Salzman amtafutie mchumba, kwa kuwa ameambiwa kwamba rabi mwenye mke hupata ajira kwa urahisi. Mshenga anamletea picha za wanawake, na katikati yake kuna picha iliyochanganyikana na nyingine kimakosa, ya binti yake mwenyewe, Stella, ambaye anasema amekwisha kufa kwake. Leo anampenda huyo aliyekanwa. Wakati kijana anamkimbilia Stella na maua mkononi, Salzman amejibanza kwenye kona akisoma sala za wafu. Wazazi wa imani kali walikuwa na desturi ya kukaa matanga kwa ajili ya mtoto aliyeiacha njia, kana kwamba amezikwa; Malamud anaiacha sala hiyo bila kueleza inasomwa kwa ajili ya nani, na msomaji makini hatamlaumu kwa hilo.

Chaim Potok, aliyekuwa mwenyewe rabi, aliiona familia hiyo kutoka ndani. Katika The Chosen ya mwaka 1967, kiongozi wa kundi la Wahasidi, yaani wafuasi wa vuguvugu la uchaji lililoanza Ulaya ya Mashariki katika karne ya 18, anamlea mwanawe mwenye akili za ajabu kwa kimya, bila kuzungumza naye ila wanapojifunza maandiko, akiamini kwamba kimya kitamfundisha kusikia maumivu ya wengine. Mwana anaacha urithi wa uongozi na kwenda kusomea saikolojia, na baba anamruhusu. Potok hakuwa na ustadi wa lugha alionao Malamud, lakini ni wachache waliomtendea baba wa kidini kwa haki kama yeye.

Philip Roth, aliyezaliwa Newark mwaka 1933, ndiye aliyezua mabishano makubwa zaidi. Mwaka 1959 hadithi yake Defender of the Faith ilipotoka katika jarida la New Yorker, marabi na wasomaji walimlaumu kwa kuwaanika Wayahudi mbele ya watu wa nje, na miaka 10 baadaye Portnoy's Complaint ikamfanya mama wa Kiyahudi, anayemlisha na kumchunga mwanawe hadi pumzi inamwishia, kuwa kielelezo kilichojulikana nchi nzima. Riwaya hiyo ina nguvu ya kweli, ila imezeeka, kwa sababu mama huyo haonekani kamwe isipokuwa kwa macho ya mwana anayelalamika. Ukuu wa Philip Roth unaonekana katika American Pastoral ya mwaka 1997, iliyomshindia tuzo ya Pulitzer. Seymour Levov, mrithi wa kiwanda cha glavu, anataka kumwoa Dawn Dwyer, binti wa Kikatoliki, na baba yake Lou anamweka msichana huyo kitako na kujadiliana naye kuhusu mjukuu ambaye hajazaliwa: abatizwe au asibatizwe, Krismasi iwe nini, Pasaka ya Wakristo iwe nini. Wanapatana kipengele kwa kipengele kama watu wanaouziana ngozi. Mtoto, Merry, anabatizwa kwa siri, na akiwa na umri wa miaka 16 anatega bomu linaloua daktari wa kijiji katika harakati za kupinga vita vya Vietnam. Roth hasemi kwamba maafa yalitokana na ndoa ya mchanganyiko, na atakayeisoma hivyo amekosea. Anachoonyesha ni babu, baba na mama walioshughulika kumpa mtoto urithi uliosuluhishwa vizuri, bila yeyote kati yao kujua namna ya kumweleza urithi huo ulikuwa wa nini.

Swali hilo, kwamba urithi ni wa nini, liliulizwa kwa undani zaidi na Tillie Olsen katika hadithi ndefu Tell Me a Riddle, iliyotoka katika kitabu mwaka 1961. Eva na David wameoana kwa miaka 47 na sasa wanagombana: mume anataka wahamie makao ya wazee ya chama chake, mke anataka abaki na nyumba yake tupu na ukimya aliousubiri tangu watoto wake walipokuwa wachanga. Ujanani, Eva alikuwa mwanamapinduzi nchini Urusi, akafungwa. Hospitalini, rabi anapokuja kumwona kwa kuwa jina lake limo katika orodha ya Wayahudi, anaagiza aondolewe humo, na bintiye Hannah anapowasha mishumaa ya Sabato kwa ajili ya watoto, Eva anamkaripia, kwa maana anakumbuka mishumaa iliyonunuliwa badala ya mikate katika vijiji vyenye njaa. Hannah anajibu kwa upole kwamba ni desturi na urithi tu. Olsen hamdharau Hannah, lakini anamwacha Eva, katika siku za mwisho za saratani, amwage nyimbo na hotuba za ujana wake ambazo mumewe na watoto hawakuwahi kuzisikia, ili ijulikane kwamba urithi mkubwa kuliko mishumaa ulikaa jikoni miaka 47 na hakuna aliyeuulizia.

Maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya yaliyofanywa na Wanazi yameipa fasihi hii mzigo mwingine ambao unahitaji sura yake. Itoshe kutaja hapa kitabu cha Cynthia Ozick, The Shawl, cha mwaka 1989, ambamo mama aliyempoteza mtoto kambini anaendelea kumwandikia barua miongo mingi baadaye akiwa Florida. Kwa upande wa sheria ya dini iliyotajwa mwanzoni, mwaka 1983 marabi wa tawi la Mageuzi la Marekani waliamua kwamba mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi anaweza kuhesabiwa Myahudi iwapo analelewa hivyo, na matawi ya Kihafidhina na Kiothodoksi yakakataa. Uamuzi huo uliyaweka malezi juu ya nasaba, jambo ambalo Malamud alikuwa amelitunga kama kisa miaka 26 kabla yake.

Msomaji anayetaka kuingia katika fasihi hii asianze na Philip Roth, ingawa ndiye mwenye jina kubwa. Aanze na Bread Givers, ambayo Kiingereza chake ni chepesi na moto wake haujapoa, kisha asome Tell Me a Riddle, inayomalizika kwa siku moja, na ndipo aifungue American Pastoral. Na watafsiri wa Kiswahili wanaotafuta kazi ya kufanya waanze na Yezierska, kwa kuwa mabinti wanaosoma usiku baada ya kazi, na mababa wasiowaelewa, watajikuta ndani yake bila kuhitaji maelezo mengi.